Tani moja ya hewa ukaa ihesabiwe mara moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sheria zinazosimamia biashara ya gesijoto, yaani kuuziana haki ya kutoa gesi zinazoongeza joto duniani, kama hewa ukaa, au hati za kuzipunguza. Habari tunazosoma kuhusu biashara hiyo hutaja thamani ya mikataba, lakini ni nadra kutueleza ni nani aliyeipima tani inayouzwa na imeandikwa katika daftari lipi.

Mnunuzi wa saruji huihesabu mifuko yake ikishushwa. Mnunuzi wa hewa ukaa hununua maandishi, na maandishi hayo hayana thamani yoyote isipokuwa ile yanayopewa na sheria. Chukua mtambo wa umeme unaochoma makaa ya mawe. Mara nyingi moshi wenyewe haupimwi. Makaa hupimwa uzito yakiwa kwenye mkanda unaoyapeleka tanurini, sampuli hupelekwa maabara ili ijulikane yana kaboni kiasi gani, kisha hesabu hufanywa, kwa kuwa kila tani 12 za kaboni zikiungua kabisa hutoa tani 44 za hewa ukaa. Sampuli ikichaguliwa kwa hila, maelfu ya tani hutoweka kwenye karatasi huku bomba likiendelea kutoa moshi uleule. Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya, ambao soko lake la vibali vya kutoa hewa ukaa lilianza mwaka 2005, inataka taarifa ya kila mwaka ikaguliwe na mhakiki huru mwenye ithibati. Hata hivyo mhakiki huyo hulipwa na kampuni ileile anayoikagua, jambo ambalo kwangu ni udhaifu mkubwa. Ningependa ujira wake utoke katika mfuko ulio chini ya mdhibiti.

Kuhusu adhabu, sheria hiyo imepiga hatua inayostahili kuigwa. Kila kampuni hutakiwa kurejesha kibali kimoja kwa kila tani iliyotoa, na isiyorejesha vibali vinavyotosha hutozwa faini ya Euro 100 kwa kila tani iliyopungua, kiwango ambacho hupandishwa kadiri bei za bidhaa zinavyopanda, na baada ya kulipa bado inadaiwa vibali vyenyewe. Bila sharti hilo la mwisho, faini ingekuwa ada ya kuchafua hewa, na mwenye fedha angeilipa bila kupunguza chochote.

Ukali wa faini, hata hivyo, hausaidii kitu pale ukomo wa jumla ya vibali unapowekwa juu mno. Katika awamu ya kwanza ya soko hilohilo vibali viligawiwa kwa wingi kupita mahitaji, karibu vyote bure, na kwa kuwa havikuweza kutumika katika awamu iliyofuata, bei yake ilishuka hadi karibu sifuri mwaka 2007. Nalo daftari linaloonyesha nani ana vibali vingapi linahitaji ulinzi: Januari 2011 Tume ya Ulaya ililazimika kusimamisha uhamisho wa vibali baada ya wezi wa mtandaoni kuingia katika madaftari ya baadhi ya nchi na kuiba.

Linalonisumbua zaidi ni tani moja kuhesabiwa mara mbili. Chini ya Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi, ambayo kanuni zake zilipitishwa Glasgow mwaka 2021, nchi inayoiuzia nchi nyingine upunguzaji wake hairuhusiwi tena kujihesabia upunguzaji huo. Ni kanuni ya haki kabisa. Lakini hati nyingi za kaboni, yaani vyeti vya tani zilizopunguzwa mahali pengine, zinazonunuliwa na kampuni katika soko la hiari, ambako hakuna sheria inayozilazimisha kununua, haziko chini ya kanuni hiyo, kwa hiyo kampuni inaweza kutangaza kwamba imefidia moshi wake kwa tani ambazo nchi zilikopunguzwa nayo imeziweka katika taarifa yake.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba waandishi wako wanapoandika habari za mkataba wa kaboni wamuulize muuzaji kama nchi husika imeziondoa tani hizo katika hesabu zake, na jibu lake, hata likiwa ni kukataa kujibu, lichapishwe pamoja na bei.

Wako,
Msomaji wa gazeti hili