Fundi wa seva aache maandishi, si namba ya simu tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowagusa wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi ambao siku hizi mauzo, stoo na mahesabu yao yote yamo ndani ya seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia kompyuta nyingine za ofisi. Kazi yangu ni kushauri na kutengeneza mifumo hiyo, na kwa ninavyoona mimi, hasara kubwa wanayoipata wateja haitokani na ubovu wa mashine wala na umeme unaokatika, ingawa vyote viwili vipo na vinasumbua. Inatoka kwenye mazoea yaliyoota mizizi kwamba fundi anakuja, anatengeneza, analipwa na kuondoka bila kuacha hata karatasi moja inayoeleza alichokikuta, alichokibadilisha na alichokiacha.

Mfanyabiashara mwenye Fuso ya kubeba korosho kutoka Newala au Tandahimba ana daftari la gari. Anajua oili ilibadilishwa lini, tairi zipi ni mpya na giaboksi ilifunguliwa na nani. Mtu huyohuyo ukimuuliza seva iliyoko chumba cha nyuma inatumia toleo gani la Windows, au nakala ya data zake inahifadhiwa wapi, atakwambia umuulize fundi, na fundi mwenyewe kumbe amekwishahamia Dodoma na simu yake haipatikani.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu bila kumtaja mhusika. Duka moja la jumla lilikuwa na programu ya mauzo inayotunza taarifa zake katika SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, toleo la Express, ambalo Microsoft hulitoa bure. Msimu wa korosho ukiwa umechanganya, asubuhi moja keshia alikuta anaweza kufungua mauzo ya jana, anaweza kuangalia bei na deni la mteja, lakini kila akijaribu kuingiza mauzo mapya mfumo unagoma. Fundi wa kwanza kuitwa aliona onyo la nafasi kujaa, akamshauri tajiri anunue diski kubwa zaidi. Diski ikaagizwa Dar es Salaam, ikafungwa, data zikahamishiwa humo, na keshia akaendelea kuandika mauzo kwenye daftari kwa kalamu, kwa sababu tatizo lilikuwa palepale. Matoleo ya Express kuanzia 2008 R2 hadi 2022 yana ukomo wa GB 10 kwa kila hifadhidata, na ukomo huo haujali diski ina GB 200 au 2,000. Kumbukumbu za seva yenyewe zilikuwa zimeandika kosa hilo na kutaja ukomo wa leseni wa MB 10,240, yaani GB hizohizo 10, bila kificho. Kilichohitajika ni kuhamishia miamala ya miaka ya nyuma kwenye hifadhidata nyingine, au kununua leseni ya toleo lisilo na ukomo huo. Laiti aliyefunga mfumo angeacha ukurasa mmoja unaosema hili ni toleo la Express, ukomo wake ni huu, na ukubwa wa hifadhidata uangaliwe kila mwezi, jambo hili lingeonekana mapema na kushughulikiwa wakati biashara imepoa.

Naomba wasomaji waizingatie sehemu ya kumbukumbu, kwa sababu ndiyo inayotofautisha uchunguzi na ubahatishaji. Kila seva inajiandikia yenyewe. Windows ina kumbukumbu za matukio, Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea seva, huweka za kwake katika folda ya /var/log, na programu za hifadhidata nazo zina mafaili yao ya makosa. Kila tukio lina saa yake, chanzo chake na mara nyingi namba yake, na fundi makini huanza kwa kuuliza tatizo lilianza saa ngapi, kisha akasoma kilichoandikwa dakika chache kabla ya hapo. Huku kwetu, kinyume chake, dawa ya kila ugonjwa imekuwa ni kupiga Windows upya. Kwa kompyuta ya kuchapia barua huenda ikasaidia, lakini kwa seva ni kuufuta ushahidi wote, na wakati mwingine data zinafutika pamoja nao.

Nimewahi kukuta ofisi ambayo wafanyakazi wote walishindwa kuingia kwenye mfumo baada ya umeme kukatika usiku, na tayari ilikwishaamuliwa kwamba ni virusi na seva isafishwe. Ukiangalia kumbukumbu, matukio ya asubuhi ile yalikuwa na tarehe ya miaka kadhaa nyuma. Betri ndogo ya saa kwenye ubao mama, ile ya duara iitwayo CR2032, ilikuwa imekufa, kwa hiyo umeme ulipokatika na UPS, yaani betri ya akiba ya seva, kuishiwa chaji, seva ilipoteza saa. Utaratibu wa Kerberos ambao Windows huutumia kuthibitisha watumiaji hauvumilii, kwa mpangilio wake wa kawaida, tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya kompyuta na seva. Betri ikabadilishwa, saa ikarekebishwa, watu wakaendelea na kazi. Siku ile ile niliandika karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati la seva, kwa sababu bila hiyo fundi wa kesho ataanza upya kutafuta virusi.

Nije sasa kwenye nywila, jambo ambalo najua wenzangu wa kazi hii hawatafurahi kulisikia. Wapo mafundi wanaoshika nywila ya msimamizi wa seva peke yao, na wapo waliosajili jina la tovuti la mteja, lile linaloishia na .co.tz, kwa jina lao wenyewe na kwa barua pepe yao wenyewe. Wakikosana na mteja kuhusu malipo, au wakipata ajira mahali pengine, biashara ya mtu inabaki mateka. Huo si usalama wa mfumo hata kidogo. Mwenye seva ni yule aliyeinunua, na nywila zake ziwe mikononi mwake, katika bahasha iliyofungwa na kutiwa saini, ndani ya kasha la fedha au popote anapoweka hati zake. Najua hofu iliyopo ya kwamba tajiri akiwa na nywila ya msimamizi, mpwa wake aliyejifunza kompyuta ataanza kuchokonoa. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana bahasha inafungwa, na ndiyo maana fundi na wafanyakazi kila mmoja anatakiwa kuwa na akaunti yake ya kila siku, ili anayebadilisha kitu ajulikane.

Sheria nayo haimwachi mwenye biashara ajifiche nyuma ya fundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde na ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwenye duka linalotunza majina, namba za simu na madeni ya wateja akiulizwa ni nani anayeweza kuzifungua taarifa hizo, ni aibu akijibu kwamba hajui.

Maandishi hayohayo ndiyo yanayomwonyesha mwenye mali lini mfumo wake unafikia mwisho wa kuhudumiwa. Windows Server 2012 na 2012 R2 ziliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023, na bado zipo ofisini. Windows Server 2016 itafikia hapo tarehe 12 Januari 2027, kwa hiyo anayeitumia ana sababu ya kuanza kupanga bajeti. Kwa anayedhani masasisho ni mbwembwe za wauzaji, kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani Mei 2017 kwa kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imekwishatoa kiraka chake Machi mwaka huo, na kompyuta zilizokuwa zimewekewa kiraka hicho hazikupenyeka kwa njia hiyo.

Kuhusu nakala za data nitasema kidogo tu. Diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja ndani ya seva si nakala rudufu, kwa sababu faili likifutwa kwenye moja linafutika na kwenye nyingine. Diski ya nje iliyochomekwa mwaka mzima nayo haisaidii sana, kwani virusi vinavyofunga mafaili ili vidai fedha vitaifunga pamoja na seva. Nakala moja ikae nje ya jengo, na tarehe ya mwisho ambapo nakala hiyo ilirudishwa kwa majaribio ikasomeka iandikwe. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa mimi siihesabu.

Nimesikia mafundi wakisema kwamba mteja akishakuwa na faili kamili atamwita fundi wa bei nafuu, na kazi ya kufunga mfumo imevuja. Inawezekana, na kwa wateja wengine ndivyo itakavyokuwa. Hata hivyo ankara zinazotegemea mteja kutojua kilichomo kwenye mali yake si za kujivunia, na kwa uzoefu wangu mteja mwenye faili huita fundi mapema, wakati tatizo ni dogo na bei yake inalipika.

Pendekezo langu kwa wafanyabiashara, na kwa TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, ya mikoa yetu miwili ikipenda kulichukua, ni kwamba mkataba wowote wa kufunga au kuhudumia seva uwe na kipengele cha makabidhiano. Sehemu ya mwisho ya malipo isitolewe mpaka faili liwe mezani likiwa na orodha ya vifaa, matoleo ya programu na leseni zake, ramani ya mtandao, bahasha ya nywila na kumbukumbu ya kila badiliko lenye tarehe na saini. Kabla ya kusaini, mwenye mali aifungue bahasha na kuijaribu nywila yeye mwenyewe, kisha amtake fundi arudishe nakala ya jana kwenye kompyuta nyingine mbele ya mhasibu, mhasibu alinganishe jumla ya mauzo ya siku hiyo na ile iliyoko kwenye seva. Zoezi hili lifanyike kabla ya Oktoba, minada ya korosho haijaanza.

Wako,
Mshauri wa TEHAMA,
Shangani, Mtwara