Jumamosi tukutane uwanja wa Mkunguni, Lamu

Asalaam aleikum wanagrupu, jana nimepita ile nyumba ya mtaa wa Mkomani ilobomoka daka (kile kibaraza cha mlangoni), nikaingia nikakuta vidaka vya ukutani bado vizima na nakshi zake mashallah, lakini boriti mbili zishaoza na ukuta umepigwa simiti juu ya chokaa, sasa unyevu hauna pa kutokea, plasta yabambuka yenyewe ukiigusa tu. Hii simiti itatumaliza jamani. Mji wetu wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na wenyewe ndio twauharibu!

Basi Jumamosi saa mbili asubuhi, mwenye simu nzuri aje tupige picha kila chumba, mwenye nyumba kakubali. Fundi wa chokaa atakuwepo. Ukuta wa nyuma msiuegemee tafadhalini. Mahamri juu yangu.