Mama, gari limeliwa na chumvi

St. Petersburg, Florida
20 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu, na kupitia kwako nawasalimu wote hapo Busia: kaka, dada, watoto, na Baba mdogo akirudi kutoka Mbale. Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu kaka ndiye atakayekusomea, na najua utamkatiza kuuliza.

Siku ile uliponipigia baada ya kusikia redioni habari za kimbunga, nikakujibu "kwetu ni mvua tu", nilikudanganya. Nilikuwa nimesimama mlangoni, matope yamefika vifundoni. Sikutaka presha ikupande. Sasa nakueleza yote.

Vimbunga vilikuwa viwili, na kati yake siku 13 tu. Cha kwanza, Helene, hata hakikutupiga. Kilipita mbali baharini, kikatua usiku wa 26 Septemba kaskazini huko, upande wa mji wa Perry. Ndiyo maana nilikidharau. Tuliamriwa kuhama, nikahama. Rafiki yangu Mkenya alinibeba mpaka kwake, mbali na maji. Gari langu nikaliacha uani, eti nisichome petroli bure. Kumbe upepo ule uliisukuma bahari ikaingia kwenye ghuba, maji yakapanda zaidi ya futi 6 juu ya kawaida. Na mtaa wetu uko chini, karibu na maji, mfano wa Majanji yetu kando ya ziwa.

Niliporudi mlango ulikataa kufunguka. Friji ilikuwa imeelea ikaja kulala chali nyuma yake. Ukutani kulikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka kama umepigwa rula, usawa wa kiuno changu. Juu ya mstari, ile kalenda ya parokia uliyonitumia ilining'inia kavu kabisa. Chini yake hakikupona kitu. Kuta za hapa si tofali, Mama. Ni mbao na bodi za jasi, zinanyonya maji kama mkate kwenye chai. Kuvu huanza ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo tulizikata bodi zote za chini tukazitupa barabarani pamoja na godoro, viti na viatu. Hati zangu zilipona kwa sababu nilizifunga kwenye kavera, mfuko wa plastiki, nikaziweka juu ya kabati la jikoni, vile wewe unavyoficha hati ya kiwanja.

Sasa gari. Hapa naona aibu. Unakumbuka Mbale 2022, mto Nabuyonga ulipofurika? Baba mdogo aliosha takisi yake, akaianika juani, ikarudi barabarani. Nikajifanya yeye. Niliosha, nikafungua milango yote, nikaanika siku tatu, nikawasha. Liliguna mara moja likanyamaza. Fundi alipolifungua akanionyesha: maji yalikuwa bado ndani ya injini, na pistoni haiwezi kuyabana maji kama inavyobana hewa, kwa hiyo kitu kilipinda. Nilitaka kulia. Akaniambia nisijilaumu sana, hata nisingewasha lingekufa tu. Maji ya mto huacha matope, unayaosha. Ya bahari huacha chumvi, nayo inaendelea kula nyaya na soketi hata gari likishakauka. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga wa kijani.

Kaka atauliza: si Marekani kila kitu kina bima? Yangu ni ile ya bei rahisi, ndugu yake thadipati ya stika ya kwetu, inayolipa hasara ya mwingine tu. Ningegonga gari la mtu, angelipwa yeye. Gari langu kuzama ni shauri yangu. Ya nyumba nayo ni vituko: bima ya kawaida haigusi mafuriko. Ya mafuriko hununuliwa peke yake, na kwa kawaida huanza kazi baada ya siku 30, kwa hiyo huwezi kuikimbilia ukishaona wingu. Mwenye nyumba anayo, ila ni ya kuta zake. Godoro langu halimo. Serikali kupitia FEMA, shirika lake la maafa, ilinipa dola 750 za mahitaji ya haraka, kama shilingi milioni 2.7 za Uganda. Zimeishia kwenye chakula, viatu vya kazi na nauli.

Cha pili, Milton, kilifika 9 Oktoba kabla takataka za kwanza hazijazolewa. Safari hii ni upepo wenyewe na mvua isiyosemeka. Uwanja mkubwa wa besiboli hapa mjini ulichanwa paa kama shuka kuukuu. Kwa rafiki yangu, ambako bado nalala sebuleni, halikung'oka hata bati moja. Asubuhi nilipanda darini kuona kwa nini. Kila kenchi imefungwa ukutani kwa ukanda wa chuma, na misumari juu yake. Sheria za ujenzi hapa zilikazwa baada ya kimbunga Andrew cha 1992, nyumba nyingi mno zilipobomoka.

Kaka, kabla hujalipia lile gari la kwenye bondi Kampala, yadi ya magari yaliyotoka nje,, uvute mkanda wa kiti mpaka mwisho. Magari yaliyozama huoshwa yakapakwa manukato, na mengine huuzwa nchi za mbali, lakini mkanda uliojikunja ndani hawaukumbuki. Ukiona mstari wa matope, ondoka.

Mama, pesa ya mabati haitafika mwezi huu. Ndiyo niliyotaka kusema tangu mwanzo nikawa nazunguka. Nazidisha zamu za usiku, na mwisho wa Desemba nitatuma ya geji 28 kama tulivyokubaliana. Fundi asianze kupiga bati kwanza. Mwambie akate vipande vya ukanda wa chuma, afunge kila kenchi na ukuta, na kaka apande mwenyewe ahesabu. Najua fundi atasema Busia hakuna kimbunga. Muulize paa la shule lilienda wapi.

Mwanao,
kitinda mimba