Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Kazi za Wanafunzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutuona. Pale mlangoni ulipokelewa na kiumbe mwenye masikio kama ungo, tumbo mbele, miguu ya vidole viwili. Mzazi mmoja ametuuliza kama siku hizi shule inafuga mashetani. Ndiyo, mama, inafuga, na aliyetufundisha kuwafuga ni marehemu George Lilanga, mchoraji na mchonga vinyago wa Tanzania, ambaye maonesho ya mwaka huu ni kwa heshima yake.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 huko kusini, upande wa Masasi. Ni Mmakonde, hivyo alishika patasi kabla ya brashi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam kutafuta riziki, akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii. Mlinzi huyo alikuwa na vinyago vyake, na walipoviona wakamwingiza ndani kwa wasanii. Akachora kwenye ngozi ya mbuzi, akafanya batiki, na baadaye hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kopo, ile ile ya kupaka milango.

Mgeni Rasmi, tulikaa na picha yake moja kipindi kizima. Hakuna nafasi tupu. Ukifuata mkono wa huyu unajikuta kwenye mguu wa yule, kama vile kinyago cha ujamaa, kile cha Kimakonde chenye watu wengi walioshikamana, kimelazwa chini kikapigwa rangi. Mashetani wenyewe hawatishi. Wanacheza ngoma, wanakunywa, wanagombana, wanasengenyana. Kwa kweli ni majirani zetu. Na majina ya picha aliyaandika kwa Kiswahili, mengine marefu kama barua.

Uzeeni kisukari kilimfanya akatwe miguu. Hakuacha kazi, bali alizungukwa na vijana waliomsaidia kupaka, mpaka alipofariki mwaka 2005. Wapo wanaolalamika kwamba kwa sababu hiyo ni vigumu kujua ipi ni kazi ya mkono wake. Sisi hilo halitusumbui sana, maana vijana wale walipata ufundi.

Sasa hali yetu. Klabu ina wanachama 23 na brashi sita. Tunachora kwenye maboksi ya sabuni yaliyokunjuliwa, na hilo hatulalamikii. Tatizo ni rangi. Muhula uliopita tulichanga tukanunua makopo mawili dukani, na tulipoyafungua moja lilikuwa limeganda hadi chini. Mwenye duka alisema tungetikisa.

Tunaomba makopo matano: nyekundu, njano, bluu, nyeupe na nyeusi. Nyingine tutachanganya wenyewe. Ombi la pili ni kwa Mkuu wa Shule, na tunalisema mbele yako makusudi: atupatie ukuta wa bwalo, ule unaotazama jikoni, ambao tangu tuanze kidato cha kwanza haujapakwa kitu.

Mwisho, Mgeni Rasmi, utakabidhiwa zawadi ya picha tuliyochora watu wanne kwa pamoja. Jina lake tumeliandika nyuma: "Mgeni amefika, kuku amekimbia, watoto wanatazama mfuko wake."

Naomba kuwasilisha.