Barua kwa mwanangu anayehamia Songea

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Morogoro. Sisi hatujambo, na baba yako anaendelea vizuri na mguu wake. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unaniitikia "sawa, mama" kabla sijafika mwisho wa sentensi, na jambo hili nataka ulisome hadi mwisho, ukiwa umekaa.

Juzi ulinieleza kwa furaha kwamba fundi mkubwa wa kikosi cha umeme unachohamia hufungua fyuzi za nguzoni transfoma ikiwa na mzigo wake wote, yaani umeme wote wanaoutumia wateja, kwa mvuto mmoja wa haraka, cheche ikatoka kidogo na kazi ikaisha, na kwamba unatamani akufundishe mkono huo. Tangu siku hiyo silali vizuri. Ninamheshimu mzee huyo kwa miaka aliyokaa kazini, nawe umheshimu, umwamkie na umbebee vifaa vyake, lakini mkono huo asikufundishe.

Najua hesabu atakayokupigia, maana nimeisikia kwa mafundi wengi. Transfoma ya kVA 315 iliyojaa mzigo huvuta takriban ampea 5.5 tu kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu, kwenye laini ya kilovolti 33, wakati birika la umeme la wati 2,000 hapa jikoni kwangu huvuta karibu ampea 8.7, na hakuna anayeogopa kuchomoa birika. Hesabu hiyo ni sahihi, ila imesahau volti. Ukiziachanisha shaba mbili kwenye kilovolti 33, hewa iliyo kati yake hupata joto la maelfu ya nyuzi na kugeuka njia ya umeme, mkondo ukaendelea kupita humo humo, na mwali ukawa unarefuka kadiri unavyovuta. Upepo ukiusukuma mwali huo hadi fezi ya jirani, au hadi kwenye chuma cha nguzo, huo si mzigo wa transfoma tena. Ni shoti ya laini nzima juu ya kichwa chako.

Wepesi wa mkono hausaidii hapo. Mkondo wetu hugeuka-geuka mwelekeo na hupita sifuri mara 100 kila sekunde, na ndipo breka, ile swichi kubwa ya kukatia umeme, inapoukatia, lakini breka huachanisha shaba zake kwa springi iliyokwisha kukazwa, ndani ya ombwe, mafuta au gesi ya SF6, wala haimtegemei mtu aliyeamkaje siku hiyo. Wala usidanganyike na mrija wa fyuzi. Mrija ule una utando wa ndani unaotoa gesi ya kuzima mwali pale uzi wa fyuzi unapoyeyuka ndani yake. Ukiuvuta kwa fimbo ndefu isiyopitisha umeme huku uzi ukiwa mzima, hakuna kilichoyeyuka mrijani, na mwali unawaka nje, kwenye mdomo wa juu, katika hewa ya wazi. Hili mafundi wengi hawakuelezwa, na sishangai kwamba mzee wako naye hajui, kwa kuwa siku zote alizofanya hivyo mzigo ulikuwa mdogo na upepo ulikuwa upande wake.

Kwa hiyo anzia chini. Ondoa mzigo wa wateja kwenye boksi la volti 400, pima kila fezi uone hakuna kinachovutwa, ndipo uinue fimbo. Hata hapo transfoma tupu bado ina mkondo wake mdogo wa sumaku, hivyo vuta bila kusita: fezi ya kati kwanza, kisha ya upande upepo unakoelekea, na mwisho ya upande upepo unakotoka, wakati wa kurudisha unageuza mpangilio huo. Ikiwa mzigo hauondoleki chini, kuna kile kifaa cha kukatia mzigo kinachofungwa kwenye ncha ya fimbo. Unakinasa kwenye ndoano ya fyuzi na kwenye pete yake, na unapovuta, mkondo unahamia ndani ya kifaa, springi inakazwa, kisha inafyatuka na kuukata mkondo ndani kwa ndani. Kivute hadi mwisho wa urefu wake bila kusimama katikati, na usome volti na ampea zilizoandikwa juu yake kabla hujakipandisha. Kama hamna kifaa, ombeni fida nzima, yaani laini yote inayotoka kituoni, ikatwe kwenye breka au kwenye rikloza, ile breka ya laini inayojirudisha yenyewe. Wateja watalalamika, na wana haki ya kulalamika, lakini malalamiko yao yataisha jioni hiyo hiyo.

Ya fyuzi nimeyapata kwa mafundi na vitabuni. Ya aisoleta, ile swichi ya kutenganisha laini ambayo haikuundwa kukata mzigo, nimeyaona. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, mtu alifungua aisoleta ya kilovolti 33 breka yake ikiwa bado imefungwa, yaani umeme ukiendelea kupita, kwa sababu alisikia redioni neno "tayari" lililokuwa la fida nyingine. Asubuhi tulikuta vikombe vya kaure vinavyozuia umeme vimepasuka hadi kwenye chuma, na matone ya alumini yamegandamana na kokoto, mengine madogo kama punje za mtama. Mwenyewe alipona, lakini hakurudi tena kwenye kazi ya kuendesha swichi. Ndiyo maana nakusihi: maagizo yakija kwa redio, yarudie neno kwa neno pamoja na namba ya swichi, na usiguse mpini hadi aliyeko kituoni akujibu kwamba umesema sawasawa. Taa inayoonyesha kwamba breka imefunguka isikutoshe. Waulize ampea za fezi zote tatu, kwa kuwa fezi moja inaweza kugoma ndani wakati taa imekwisha kuwaka.

Huko uendako laini za kilovolti 33 ni ndefu. Gridi ya Taifa yenyewe ilifika Songea mwaka 2018, kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na wilaya ziko mbalimbali. Laini ndefu isiyo na mteja hata mmoja bado inabeba mkondo wa kujichaji, ampea chache kwa kilomita 100, na kikiwemo kipande cha kebo ya chini ya ardhi unaongezeka sana. Zile pembe zilizo juu ya aisoleta ni za mikondo midogo ya namna hiyo, kwa kiasi alichokiandika mtengenezaji, wala si za mzigo. Usiniambie tena kwamba laini ilikuwa "tupu".

Kufuli, kibao, kupima kabla ya kugusa, ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, pande zote mbili, kuzima rikloza isijirudishe yenyewe, na jenereta za mashine za kusaga zinazoweza kurudisha umeme kinyumenyume, hayo umefundishwa chuoni na mtihani wako uliufaulu vizuri. Nilimwonyesha cheti chako kila jirani aliyepita hapa. Habari hizi nyingine ulistahili kuzisikia nyumbani miaka mingi iliyopita. Zamu za usiku zilikuwa nyingi, na mchana nilitaka nyumba iwe kimya.

Sasa nguo. Nilifua begi lako na nikakuta jezi za mpira tatu, ambazo najua unazivaa ndani ya ovaroli. Ni poliesta, joto la mwali huiyeyushia ngozini. Nimeweka fulana za pamba, na jezi nimempa mdogo wako, tafadhali usigombane naye. Glavu za mpira uzikunje kuanzia mdomoni pake kila asubuhi, hewa ibanwe vidoleni, uzisogeze shavuni usikie kama zinavuja, na juu yake uvae za ngozi.

Mabati ya jiko tutayabadilisha mwezi ujao, kwa hiyo usitume fedha hadi utakapopata chumba cha kupanga. Ukifika, mwulize mzee wako kwa adabu kama kikosi kina kifaa cha kukatia mzigo, kisha unijibu kwa maandishi. Kama hakina, mwandikie msimamizi wako akitafute, na umpe barua hiyo kabla hujapanda nguzo ya kwanza.

Mama yako.