Ada ya taka: tupime kiroba, tusihesabu milango

Mhariri,

Kila halmashauri zinapoanza kupanga bajeti, ada ya taka hurudi mezani, na wachangiaji hugawanyika pande mbili zilezile. Wapo wanaotaka kila kaya ilipe kiasi kimoja, kwa kuwa ni rahisi kukusanya. Wapo wanaotaka taka zipimwe kwa kilo mlangoni ili kila mtu alipie alichotupa, kama wafanyavyo baadhi ya miji ya Ulaya. Sisi tunaofanya kazi ya kupima taka Dar es Salaam tunaona pande zote mbili zinakosea, na kosa la pili ni zito zaidi kwa sababu linavaa sura ya haki.

Ada sawa kwanza. Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, Manzese au Buguruni. Chumba kimoja anakaa kijana peke yake: anatoka alfajiri, anakula kwa mama lishe, anarudi usiku. Taka zake za wiki zinaenea kwenye mfuko wa lita kumi. Chumba kinachofuata kuna familia ya watu saba wanaopika mara tatu kwa siku. Chumba cha mbele kimefunguliwa genge la mbogamboga linalojaza kiroba kizima kila siku. Mkusanyaji akifika na mashine yake anatoa risiti za kiasi kimoja, au anatoa moja kwa mwenye nyumba, naye anaigawa sawa kwa wapangaji. Kijana anamlipia muuza genge. Wala hakuna anayeona sababu ya kupunguza taka au kutenga chupa, maana apunguze asipunguze, ada haibadiliki.

Wengine wanashauri ada hiyo ikatwe kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hilo linatatua tatizo la mkusanyaji, halitatui la mlipaji. Kodi ya majengo ilipoingizwa LUKU mwaka 2021 tuliona yaliyotokea: mita inasomeka kwa jina la mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na wengi walikatwa kodi ya jengo lisilo lao, wakaambiwa wakadaiane na wenye nyumba. Taka zitaleta mgogoro uleule, na zaidi, kwa kuwa mita moja huweza kuhudumia kaya sita, na nyumba moja huweza kuwa na mita tatu.

Sasa tuje kwenye kilo. Hapa ndipo tunaomba wasomaji na madiwani watusikilize kwa makini.

Chukua ndoo ya rangi ya lita 20. Ijaze chupa tupu za maji za nusu lita bila kuziponda: zitaingia ishirini na kitu, na mzigo wote hautafika hata nusu kilo. Imwage, ijaze maganda ya ndizi mbichi: utapata kilo nane hadi kumi. Imwage tena, uijaze mchanga mkavu wa kufagia uwanja: inafika kilo 30. Ndoo ni ileile, nafasi ni ileile, na uzito umetofautiana mara sitini na zaidi.

Sasa jiulize nani ana mchanga kwenye taka zake. Ni mwenye uwanja wa udongo, anayefagia kila asubuhi kwa ufagio wa chelewa na kuzoa majani pamoja na mchanga. Mwenye uwanja wa vigae hana. Nani ana maganda ya ndizi, ya mihogo, makumbi ya nazi? Anayepika kutoka sokoni. Anayekula vya kuletwa kwenye maboksi ana taka nyepesi zinazojaza nafasi, na nyingi ya hizo haziozi. Ganda moja la dafu bichi linaweza kuzidi kilo moja. Boksi la piza halifiki hata robo kilo. Ukitoza kwa kilo, unamtoza masikini kwa mchanga na maji. Tunasema maji kwa sababu wakati wa masika kiroba kilichoachwa wazi kando ya barabara hunywa mvua usiku kucha, na asubuhi mwenye kiroba atalipia mawingu.

Mkandarasi atatuambia kwamba yeye hulemewa na uzito, si nafasi. Ni kweli. Taka zetu ni mbichi na nzito, ndiyo maana magari ya kushindilia yaliyobuniwa kwa taka nyepesi za Ulaya hayatusaidii sana: hayana cha kushindilia, yanakamua maji tu barabarani. Gari hufikia uzito wake kabla halijajaa, kisha linakwenda hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, na kwa anayetoka Bunju hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 40 kwa upande mmoja. Lakini dawa ya uzito huo ni kuutoa kwenye gari, siyo kuuandikia ankara. Mchanga haupaswi kusafiri kwenda Pugu hata kidogo. Waya wa chekeche wenye matundu ya sentimita moja, uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao, unaubakiza uani ulikotoka. Maganda nayo yana wateja: wafugaji wa ng'ombe na nguruwe, wanaofuga funza kwa chakula cha kuku, na watengeneza mboji. Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, kinachopokea taka za sokoni.

Kuna pia suala la mizani yenyewe. Kule wanakotoza kwa kilo, kila pipa hufungwa chipu ndogo chini ya ukingo wake wa mbele. Gari linaponyanyua pipa, kisomaji kwenye mikono ya kunyanyulia kinasoma namba, na vipimo vilivyofungwa kwenye mikono hiyo vinapima pipa likipanda limejaa na likishuka tupu. Tofauti ndiyo inayoandikwa. Ni mtambo mzuri kwenye barabara tambarare na mapipa ya kiwanda kimoja. Gari likisimama kwenye mteremko, kipimo kinayumba. Tope likiganda kwenye mikono, sifuri inahama. Chipu ikigongwa ikafa, pipa linanyanyuliwa bila kuandikwa, na anayeandikiwa makadirio ni yule asiyejua kulalamika. Jirani akikutilia taka usiku, unalipa wewe. Hapa kwetu gari halifiki hata mlangoni, linalofika ni guta au mkokoteni, na mizani ya kuning'iniza mkononi kwa kijana mwenye haraka ni mlango wa ugomvi kila asubuhi. Isitoshe, mizani yoyote inayotumika kutoza fedha lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika ya mwaka husika. Mizani mia za mkononi zinazogongwagongwa kila siku, nani atazihakiki?

Waliotutangulia hawakuvuka hapo kirahisi. Uingereza, mapipa yenye chipu yalizua hasira kubwa kwa watu kuhisi wanachunguzwa. Sheria ya mwaka 2008 iliruhusu halmashauri zisizozidi tano zijaribu kutoza au kutuza kwa kiasi cha taka. Haikujitokeza hata moja, na kifungu hicho kikafutwa mwaka 2011. Ireland ilipanga kulazimisha malipo kwa kilo kuanzia Julai 2016, ikaahirisha baada ya wananchi kupiga kelele. Waliopiga kelele kwa haki kabisa walikuwa wanaouguza wagonjwa wanaotumia nepi za watu wazima. Nepi iliyotumika ni nzito, na hakuna namna ya kuipunguza. Kwetu ongeza watoto wachanga na wazee waliolala kitandani.

Kipimo kinachofaa mitaa yetu ni kiroba, na malipo yafanyike kabla, kama tulivyozoea kununua umeme. Korea Kusini ilianza utaratibu huo nchi nzima tarehe 1 Januari 1995: taka za kawaida zinatupwa kwenye mifuko rasmi inayouzwa madukani, na bei ya mfuko ndiyo ada. Vinavyorejelezwa vinachukuliwa bure vikiwa vimetengwa. Mabaki ya chakula yana utaratibu wake. Uswisi walianza mapema zaidi, mji wa St. Gallen mwaka 1975 na Zürich mwaka 1993. Hakuna anayehitaji kujua kilichomo ndani ya nyumba yako. Kinachohesabiwa ni mfuko uliotoka nje.

Hatuna haja ya kuagiza mifuko. Viroba vya unga na mchele vya kilo 25 na kilo 50 vipo kila mtaa na ukubwa wake unajulikana. Kinachouzwa kiwe lakiri ya plastiki yenye namba, ile inayofungwa shingoni mwa kiroba na haifunguki mpaka ikatwe. Stika zisitumike: kwenye kiroba chenye vumbi na unyevu stika haishiki, na ikishika mtu ataibandua akaitumie tena. Lakiri iwe na rangi mbili, moja ya kiroba kikubwa na moja ya kidogo kwa nusu bei, na rangi zibadilishwe kila robo mwaka ili za bandia zisipate muda wa kuzoeleka. Ziuzwe duka la mtaa, siyo ofisini tu, kwa sababu taka haisubiri saa za kazi. Mzoaji akatae kiroba ambacho hawezi kukinyanyua peke yake. Hicho kina mchanga.

Ada yote isiwekwe kwenye lakiri. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mtaa una kaya 400 na gharama za mwezi ni shilingi 2,000,000. Kwa ada sawa kila kaya inalipa 5,000. Badala yake, 800,000 ziwe sehemu ya kudumu, yaani 2,000 kwa kaya, kwa ajili ya vizimba vya kukusanyia taka, kufagia barabara na kuchukua maganda yaliyotengwa kwenye ndoo. Zinabaki 1,200,000. Mtaa ukitoa viroba vikubwa 2,400 kwa mwezi, lakiri moja ni shilingi 500. Kijana wetu wa viroba vidogo viwili atalipa 2,500. Familia ya watu saba yenye viroba sita italipa 5,000 zilezile. Genge la viroba 30 litalipa 17,000, na muuza genge siku hiyohiyo ataanza kutafuta mfugaji wa kumpa majani ya kabichi.

Mahali penye mtaro au korongo karibu, sehemu ya kudumu iwe kubwa zaidi na lakiri iwe rahisi zaidi. Bei ya kiroba ikipanda, mshindani wake ni kiberiti na mto. Anayechoma plastiki uani na anayemwaga mto Msimbazi usiku hawalipi chochote, na bonde la Jangwani, linalofurika mto huo ukijaa, linajua hesabu hiyo kila mvua zinapokuja. Mtendaji wa mtaa apewe lakiri za bure kwa kaya zenye wagonjwa, akiwa na orodha inayokaguliwa.

Kuhusu chupa, makopo na maboksi, msimamo wetu hautetereki: kaya iliyotenga isitozwe hata senti. Bidhaa hizo zina bei kwa kilo, na waokota chupa wanaishi kwa bei hiyo. Ukimtoza mtu kwa kukupa mali, ataichanganya na taka, na chupa iliyolowa mchuzi haina mnunuzi. Kilichobaki cha gharama, yaani vile visivyo na mnunuzi kama vifuko vya viungo na pakiti za juisi, wabebe waliovitengeneza. Kenya imeanza njia hiyo kwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inayowabana wazalishaji.

Kabla ya yote hayo halmashauri ipime kwa ukweli, na hili halihitaji chipu. Utaratibu wa UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, unatosha: kaya 90, yaani 30 za kipato cha chini, 30 za kati na 30 za juu, kwa siku nane mfululizo. Taka za siku ya kwanza zinatupwa bila kuandikwa, kwa sababu ni malimbikizo ya siku zilizopita. Wengi huruka hatua hii na takwimu zao zinavimba. Kila mfuko upimwe, kisha umwagwe kwenye turubai na kuchambuliwa. Upande wa ujazo, jaza ndoo, inyanyue sentimita kumi, iangushe mara tatu, ongezea, pima. Rudia masika na kiangazi, maana msimu wa maembe si sawa na wa mihogo.

Majina ya kaya yasikae kwenye daftari hilo; namba zinatosha. Taka zinaeleza nani anaumwa, nani amejifungua na nyumba ipi haina mtu wiki hii. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mkandarasi anayebadilika mkataba ukiisha hapaswi kuondoka na taarifa za watu mfukoni.

Upimaji wenye manufaa makubwa kuliko wote ni ule wa mkandarasi mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi ubaoni pa ofisi ya serikali ya mtaa pabandikwe karatasi moja: safari ngapi gari limekwenda dampo, tani ngapi kwa mizani ya pale, lakiri ngapi zimeuzwa, shilingi ngapi zimekusanywa. Kama lakiri zilizouzwa ni 2,400 na dampo limepokea mzigo wa viroba 900, wananchi wataanzia hapo kuuliza.

Wapima taka,
Dar es Salaam