Kwa nini bado niko na nyuzi za fuwele

Ndugu yangu Salma,

Salamu nyingi. Swali lako halijanitoka kichwani: kwa nini nihangaike kuotesha nyuzi za fuwele za kutengenezea leza, ilhali za kioo huvutwa kilomita kwa kilomita?

Jibu ni joto. YAG, fuwele ya itri, alumini na oksijeni, hupitisha joto takriban mara 7 zaidi ya kioo cha silika. Leza ikiongezwa nguvu, joto lisilopata pa kutokea huuharibu mwale. Tena YAG hubeba neodimi au iterbi nyingi, elementi zinazotoa mwanga wa leza, bila shida. Ndani ya silika atomi hizo hujikusanya vishada na kunyang'anyana nishati. Wazo lenyewe si geni: Burrus na Stone wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, walionyesha leza ya uzi wa YAG yenye neodimi mwaka 1975. Kazi iliyobaki ni kupata uzi mrefu ulio sawa mwanzo hadi mwisho.

Mimi natumia njia ya leza. Mwale wa kaboni dioksaidi, wa mikromita 10.6, hugeuzwa na vioo kuwa pete, kisha hukusanywa kutoka pande zote kwenye ncha ya kijiti cha YAG. Ncha huyeyuka karibu nyuzijoto 1,950. Unashusha mbegu, yaani kipande kidogo cha fuwele, iguse tone la YAG iliyoyeyuka, unavuta juu, huku kijiti kikisukumwa kutoka chini. Hakuna chungu cha kuyeyushia, kwa hiyo hakuna uchafu wa chungu. Tone hujishikilia kwa mvutano wa uso wake. Ukitaka uzi wenye kipenyo theluthi moja ya kijiti, vuta kwa kasi mara 9 ya ile ya kusukuma. Mwendo wote ni milimita chache kwa dakika.

Lichunguze tone hilo, ila macho yawe nyuma ya kichujio. Leza ikiyumba kidogo tu, tone linanenepa au kukonda, na uzi unaganda na kifundo palepale. Kila kifundo hutawanya mwanga. Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iende kwenye kamera inayopima kipenyo na kurekebisha mwendo papo hapo.

Neodimi ina tabia yake, nami naipenda sana. Ni kubwa kuliko itri inayoichukulia nafasi, hivyo fuwele hupokea takriban moja ya tano tu ya iliyomo kwenye tone na kuiacha nyingine. Inarundikana humo mpaka ifikie kama mara 5 ya iliyomo kijitini. Kuanzia hapo inayoingia inalingana na inayotoka, na uzi unatulia. Kipande cha mwanzo kina upungufu, kikate. Iterbi inakaribiana kwa ukubwa na itri, haina usumbufu huo. Anza nayo.

Kinachoninyima usingizi ni ganda, yaani tabaka la nje linaloubakiza mwanga ndani ya uzi. Uzi wa fuwele hutoka mtupu, umezungukwa na hewa tu, na mwanga hupita humo kwa njia nyingi mno. Ganda linatakiwa lipinde mwanga kidogo kuliko kiini, yaani uzi wenyewe ulio ndani, na litanuke nacho kwa joto bila kupasuka. Naamini YAG safi juu ya YAG yenye iterbi ndiyo itakayotufikisha, nami nimejitoa kwenye hilo.

Nakutumia kijiti kimoja chenye iterbi. Ukishavuta uzi, nipimie upotevu wa mwanga kabla hujaung'arisha na baada ya hapo, kisha uniandikie namba zote mbili.

Wako,
Juma